Maswali ya Wasomaji: Mafuta ya mti wa chai, na kwa nini wengine yanawaunguza

Toleo lililopita tuligusia chunusi, na barua zilizofuata karibu zote zilihusu kile kichupa cha kahawia chenye harufu kali ambacho maduka ya vipodozi hukiita "titrii". Maswali mengi yanafanana, hivyo tumeyaunganisha. Majina ya waandishi tumeyaacha.

*Mhariri, habari za kazi. Mimi ni mchuma chai hapa Kericho. Je, mafuta ya mti wa chai yanatoka kwenye majani haya haya tunayochuma? Kama ni hivyo, nifundisheni kuyatengeneza nyumbani nipate cha ziada.* (Msomaji, Kericho)

Pole, majani siyo. Chai ya Kericho, kama ile ya Mufindi na Rungwe, ni Camellia sinensis. Mafuta unayoyaulizia hutoka kwenye Melaleuca alternifolia, mti wa Australia unaopenda ardhi yenye majimaji kando ya mito ya kaskazini-mashariki mwa New South Wales. Ndugu zake ni mkaratusi, mkarafuu na mpera. Chukua jani la mkaratusi uliinue mbele ya mwanga: utaona vidoadoa vinavyopenya nuru. Hivyo ni vifuko vya mafuta, na mti huo wa Australia nao unavyo. Jina la chai lilitokana na Wazungu wa mwanzo kufika kule, waliokuwa wakichemsha majani ya miti ya ukoo huo na kunywa kama chai.

Wabundjalung, wenyeji wa eneo hilo, walikuwa wakiyaponda majani na kuyaweka kwenye vidonda tangu zamani. Miaka ya 1920 mkemia wa Sydney, Arthur Penfold, aliyapima mafuta hayo akakuta yanaua vijidudu mara 11 kuliko asidi ya kaboliki, ambayo ndiyo ilikuwa dawa ya kusafishia vidonda wakati ule.

Kuyapata kunahitaji mtambo. Mvuke wa moto hupitishwa katikati ya majani na vitawi, ukitoka hupozwa, kisha mafuta huelea juu ya maji yakakingwa. Kilo 100 za majani mabichi na vitawi vyake hutoa kilo 1 au 2 tu. Ukichemsha majani yako ya chai ndani ya mafuta ya nazi utapata mafuta ya nazi yenye rangi ya chai, basi. Ila kama una shamba na unatafuta zao jingine, jua kwamba wapo wakulima wadogo upande wa Mlima Kenya wanaopanda mti wenyewe wa Australia. Uliza huko kabla ya kununua mche wowote.

Angalizo moja kwa wote: yapo pia mafuta ya mbegu za chai, yanayokamuliwa kutoka mbegu za Camellia, na hayo watu hupikia. Haya ya Melaleuca hayaliwi. Soma jina la Kilatini kwenye chupa, usitegemee picha ya jani.

*Nipo chuo Dodoma. Nilipaka mafuta hayo usiku moja kwa moja juu ya chunusi, kama muuzaji alivyonielekeza, akasema ni ya asili hayana madhara. Asubuhi uso mwekundu, unawaka, na sasa ngozi inababuka. Mafuta ni mabovu au ngozi yangu ndiyo mbaya?* (Msomaji, Dodoma)

Ngozi yako haina kosa. Kilichoanza kukuumiza ni ukali. Kichupa kile ni asilimia 100, na ushahidi tulio nao wa chunusi ni wa mchanganyiko wa asilimia 5. Mwaka 1990 madaktari wa Australia walichapisha jaribio la watu 124: wengine walipewa jeli ya mafuta haya ya asilimia 5, wengine losheni ya benzoili peroksaidi ya asilimia 5 ambayo ni dawa ya kawaida ya chunusi. Zote mbili zilipunguza chunusi. Mafuta ya mti wa chai yalichelewa kuonyesha matokeo, lakini ngozi haikukauka wala kuwasha sana kama kwa wale wengine. Wewe ulipaka kitu kikali mara 20 ya kile walichopaka wao. Na hilo neno la "asili" lisikupoteze. Upupu nao ni wa asili.

Kwanza tuliza uso. Acha kila kitu, osha kwa sabuni isiyo kali, kausha kwa kugusagusa na taulo, paka vaselini ya kawaida isiyo na manukato. Ngoja mpaka ngozi irudi kabisa, wiki 2 hivi. Malengelenge yakitokea, au macho yakivimba, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Ngozi ikipona na ukitaka kujaribu tena, pima. Hapa ndipo wengi wanapokosea, maana wanahesabu matone. Tone si kipimo: mdomo wa kichupa kimoja hutoa matone 20 kwa mililita 1, mwingine unatoa zaidi ya 30, na ukiinamisha chupa haraka hesabu inavurugika. Nunua bomba la sindano la ml 2 au 5 duka la dawa, bila sindano yenyewe. Kwa uso anza na nguvu ndogo:

nusu mililita ya mafuta ya mti wa chai katika ml 19.5 za mafuta ya kubeba (yaani mafuta laini ya kuyapunguza ukali), ndiyo asilimia 2.5;
mililita 1 katika ml 19, ndiyo asilimia 5.

Mafuta ya kubeba yawe ya alizeti au jojoba. Ya nazi ni mazuri kwa mwili lakini usoni huziba vinyweleo vya watu wengi wenye chunusi, na hapo utakuwa unatibu kwa mkono mmoja na kupanda chunusi kwa mwingine. Jeli ya mshubiri inafaa pia, ila kumbuka ina maji, na mafuta hayayeyuki kwenye maji: yatajitenga juu, na kidole cha kwanza kitachota mafuta matupu. Ikoroge kila unapotaka kupaka, au changanya ya siku moja moja. Bomba ukimaliza lioshe kwa sabuni. Usihifadhi mafuta humo, mpira wake huvimba ukakwama.

Kabla ya uso, jaribu mchanganyiko ndani ya kiwiko, asubuhi na jioni kwa siku 3. Kama ngozi imetulia, paka usoni mara moja kwa siku, usiku, mbali na macho na midomo. Usitarajie lolote wiki ya kwanza. Jaribio lile la Australia lilichukua miezi 3.

Lakini ikiwa hata ule wa asilimia 2.5 unakuletea mwasho na vipele, hiyo si ukali tena, ni mzio. Mzio wa ngozi ukishaingia hautoki. Utalazimika kuyakwepa kabisa, pamoja na sabuni, shampuu na dawa za meno zilizoandikwa Melaleuca.

*Shikamooni. Chupa yangu ina mwaka wa pili, naiweka dirishani bafuni. Imebaki nusu, na kile kimpira cha kudondoshea kimelainika kinanata kama chingamu. Harufu imebadilika. Naweza kuendelea?* (Mama wa Likoni, Mombasa)

Marahaba mama. Usiyapake tena mwilini.

Umeyaweka mahali ambapo maadui wake wote watatu wanakutana: mwanga, joto na hewa. Chupa ikiwa nusu, nusu nyingine ni hewa, na oksijeni huanza kuyala mafuta. Baadhi ya viini vyake hubadilika kidogo kidogo, na huzaliwa vitu vipya, vya jamii ya peroksaidi, ambavyo ndivyo hasa huleta mzio. Mafuta mapya ya asilimia 5 ngozi nyingi huyavumilia. Ya zamani, kwa nguvu ile ile, huwasha. Huenda barua ya Dodoma hapo juu ilikuwa na matatizo yote mawili pamoja, maana chupa za madukani hukaa rafuni kwenye jua bila mtu kujua zilifika lini.

Dalili ni hizi: harufu kugeuka ikafanana na tapentaini ya mafundi rangi, mafuta kuwa mazito, au kutia umanjano. Mapya ni meupe kama maji au yana umanjano wa mbali sana, na hunukia kama kungumanga iliyochanganywa na mkaratusi.

Kimpira kilinata kwa sababu mafuta haya huyeyusha mpira, na baadhi ya plastiki pia. Mimina tone kwenye kikombe chepesi cha plastiki ya povu (styrofoam) uone kinavyotoboka. Chupa mpya ifunge kwa kifuniko chake cha kawaida, weka kabatini penye giza au mlangoni mwa friji, andika tarehe ya kufungua kwa kalamu juu ya lebo. Ikifika nusu, hamishia kwenye kichupa kidogo cha kioo cheusi ili ijae. Nunua ml 10, si ml 100 kwa sababu ni rahisi. Baada ya mwaka mmoja tangu kufungua, tupa.

*Nina saluni Nakuru. Wateja wanauliza dawa ya mba, na kina mama wanaleta watoto wenye mabaka kichwani. Nichanganye kiasi gani kwenye shampuu?* (Msomaji, Nakuru)

Kwa mba wa watu wazima: ml 5 za mafuta kwenye ml 95 za shampuu isiyo na manukato mengi. Hapa sabuni yenyewe husaidia mafuta yasijitenge, lakini tikisa kila mara. Paka kwenye ngozi ya kichwa, si kwenye nywele, acha dakika 3, suuza vizuri mteja akiwa ameinamisha kichwa nyuma, kwa sababu povu hilo likiingia machoni utasikia kelele mpaka nje. Mwaka 2002 kulikuwa na jaribio la watu 126 kwa wiki 4 na shampuu ya nguvu hiyo: waliotumia mba ulipungua kwa asilimia 41, na waliopewa shampuu tupu kwa asilimia 11. Ni nafuu ya kweli, ingawa haikuwa ya kumaliza mba, na wale waliosha kila siku. Mteja anayekuja mara moja kwa mwezi usimuahidi makubwa. Aliyetoka kuweka dawa ya kulainisha nywele, mwache wiki 2. Ngozi yake tayari imechubuka.

Watoto ni habari nyingine. Mabaka ya duara yaliyopoteza nywele, yenye ukoko kama unga, hayo ni mapunye, na kuvu wake wamejificha ndani ya unywele na kwenye shina lake. Hakuna cha kupaka kitakachowafikia huko, iwe mafuta haya, limau au mafuta ya breki ambayo bado kuna watu wanayapaka. Mtoto anahitaji dawa ya kumeza, griseofulvini au terbinafini, kwa wiki kadhaa, na kipimo kinategemea uzito wake. Mwelekeze mama ampeleke mtoto kituo cha afya. Kwako wewe kazi ni mashine ya kunyolea na vitana: toa nywele kwa brashi, osha, kisha pangusa kwa spiriti ya asilimia 70 kati ya kichwa na kichwa.

*Mimi ni mlinzi, navaa buti masaa 12. Katikati ya vidole kunawasha na kunanuka, na kucha mbili za dole gumba zimekuwa nene na za njano. Rafiki ameniambia mafuta haya yanamaliza yote.* (Msomaji, Mwanza)

Kaka, hayo ni magonjwa mawili hata kama kuvu ni mmoja.

Katikati ya vidole: nguvu ndogo haisaidii. Krimu ya asilimia 10 ilipojaribiwa ilipunguza mwasho, lakini kuvu walibaki. Jaribio la mwaka 2002, watu 158, lilitumia asilimia 25 na 50, mara 2 kwa siku kwa wiki 4. Kwa ile ya asilimia 50, waliopona ni asilimia 64, na kwa waliopewa dawa bandia isiyo na mafuta haya ni asilimia 31. Watu 4 ngozi zao ziliungua ikabidi waache. Ukitaka kujaribu, anza na asilimia 25: ml 5 za mafuta katika ml 15 za mafuta ya alizeti. Tukisema ukweli, krimu ya klotrimazoli au terbinafini ya duka la dawa ni nafuu zaidi, na terbinafini humaliza kazi haraka. Sisi tungeanza na hiyo.

Vyovyote utakavyochagua, kitakachokurudisha nyuma ni unyevu. Osha miguu ukirudi, kausha katikati ya kila kidole kwa kitambaa chake peke yake, paka, subiri ikauke. Soksi za pamba, jozi mbili kwa zamu ya masaa 12: badilisha ya kwanza katikati. Buti zikiwezekana ziwe jozi mbili, moja ivaliwe na nyingine ilegezwe kamba, ulimi utolewe nje, ianikwe juani. Endelea kupaka wiki 1 au 2 baada ya mwasho kuisha. Wengi huacha siku ile ile wanapopata nafuu, kisha wanasema dawa ni feki.

Kucha: hapa tu ndipo mafuta matupu yanaruhusiwa, kwa sababu kucha haina uhai. Kata, sugua unene wake kwa tupa (tupa hiyo isiguse kucha zisizo na ugonjwa), zungushia ngozi vaselini, kisha tia tone moja juu ya kucha na moja chini ya ncha, mara 2 kwa siku. Sasa subira. Mwaka 1994 watu 117 walitibiwa miezi 6, wengine kwa mafuta matupu na wengine kwa klotrimazoli ya asilimia 1. Kuvu waliisha kabisa kwa asilimia 18 ya waliotumia mafuta na asilimia 11 ya wale wa klotrimazoli. Kwa maneno mengine, zaidi ya wanane katika kila kumi walibaki na kuvu wao, hata kama kwa wengi kucha ilipendeza kidogo. Kucha ya dole gumba huchukua mwaka hadi mwaka na nusu kuota upya yote, hivyo mtu akikuahidi mwezi mmoja ana lake. Kama zinakuuma, muulize daktari juu ya vidonge. Na kama una kisukari, usisugue wala kupaka chochote mwenyewe. Mguu wa mwenye kisukari huonwa hospitali kwanza.

*Mtoto wangu wa miaka 3 ana mafua. Jirani anasema matone 2 kwenye chai ya maziwa.* (Msomaji, Bukoba)

Hapana, na wewe mwenyewe usiyanywe. Kiasi kisichofika ml 10 kimewahi kuwalegeza watoto, wakayumba kama walevi na kusinzia hadi kuzimia. Akimeza kwa bahati mbaya, usimtapishe: kama mafuta ya taa, yakirudi juu yanaweza kuingia mapafuni. Maziwa hayaui sumu hii. Futa mdomo, chukua kichupa, kimbia hospitali. Kwa mafua, mnyunyuzie maji ya chumvi ya puani yanayouzwa duka la dawa na umwache anywe vya kutosha.

*Naweza kuyatia kwenye ndoo ya kuogea, au kujisafishia sehemu za siri?* (Barua tatu, miji tofauti)

Ndoo: yataelea. Kata ya kwanza utajimwagia maji, ya pili utajimwagia mafuta makali, na hujui yatatua wapi. Sehemu za siri: hapana kabisa. Ngozi ya huko ni laini kuliko ya usoni, na uchafu mweupe wenye mwasho una dawa yake, tena wakati mwingine si kuvu bali ni ugonjwa mwingine unaofanana. Nenda ukapimwe.

*Paka wangu ana viroboto. Nimpake kidogo shingoni?* (Msomaji, Unguja)

Usimpake hata kidogo. Paka hujilamba, na ini lake haliwezi kuyasafisha mafuta haya. Hata yaliyopita kwenye ngozi pekee yanatosha kumdhuru. Hutetemeka, hutoa udenda, miguu ya nyuma hukosa nguvu. Mbwa pia. Kama ulishampaka, muoshe sasa kwa sabuni ya maji ya vyombo na maji ya uvuguvugu, mfunge taulo asijilambe, umpeleke kwa daktari wa mifugo.

*Nimenunua vichupa viwili vya ml 10, kimoja bei yake ni mara tatu ya kingine. Nitajuaje cha kweli?* (Msomaji, Tanga)

Anza na karatasi nyeupe. Dondosha tone la kila kichupa, andika pembeni ni kipi, acha penye hewa mpaka kesho yake. Mafuta ya kweli huruka, na hubaki alama hafifu au hakuna kitu. Yakiacha doa linalong'aa, lile ambalo ukiliinua dirishani linapitisha mwanga kama karatasi ya vitumbua, yamechanganywa na mafuta ya kupikia. Hilo silo kosa ikiwa lebo imesema hivyo, tatizo ni kuuziwa kwa jina la asilimia 100.

Karatasi haitakamata wajanja wakubwa. Wanaochanganya na mafuta ya bei rahisi ya mkaratusi au vimiminika vingine vinavyoruka hupita mtihani huo bila shida. Pua husaidia kidogo: ikinukia kama balmu ya kifua moja kwa moja, mkaratusi umezidi. Zaidi ya hapo ni maabara. Kiwango cha kimataifa, ISO 4730 cha mwaka 2017, kinataka terpineni-4-oli, yaani kile kiini kinachoua vijidudu, kiwe asilimia 35 hadi 48, na sineoli, ambayo ndiyo iliyojaa kwenye mkaratusi, isizidi 10. Kampuni zinazojiheshimu hutoa cheti chenye namba hizo. Ukiletewa cheti, angalia namba ya toleo iliyoandikwa juu yake kisha geuza kichupa uangalie chini. Zisipolingana, cheti hicho ni cha mafuta mengine.